Sura ya Sita: Mpangaji Hapingi, Huhama

Busta ilipanda juu ya paa letu siku ya Jumamosi, saa ambazo nusu ya ploti inafua na nusu nyingine imelala. Wakati huo nilikuwa naishi Umoja, Eastlands ya Nairobi, ghorofa ya nne, chumba kimoja chenye jiko la kupishana kwa zamu. Nilisikia vyuma vikiburuzwa ngazini nikadhani kuna mtu anahamia. Nikatoka kukitazama kitanda cha jirani mpya, maana kitanda humtambulisha mtu mapema kuliko maneno yake. Badala ya kitanda nikakutana na vijana 6 wenye helmeti, wamebeba vipande vya chuma vilivyotobolewa matundu.

"Buda, tupishe kidogo. Sisi ni watu wa busta."

Nikawapisha. Kufikia jioni mnara wa simu ulikuwa umesimama pale tulipokuwa tukianika nguo, na huko chini, kwenye kona ambayo watoto walichezea mchezo wa kati, jenereta lilikuwa limekaa ndani ya uzio wa waya. Tangu siku hiyo stima ikipotea hatukuhitaji kuambiwa. Jenereta lilinguruma hata kabla jirani hajamaliza kulaani. Vyumba vyetu viko gizani, madirisha yanatetemeka, na juu ya vichwa vyetu taa nyekundu ya mnara inawaka kwa utulivu wa mtu aliyelipiwa karo.

Tulifanya mkutano ngazini. Msimamizi wa ploti alisema yeye hajui lolote, tumuulize mwenye ploti. Mwenye ploti tulimjua kwa namba ya simu tuliyoitumia kodi, basi. Msimamizi akatunong'oneza, kama anayetupa zawadi, kwamba paa lile sasa linaleta kodi kushinda vyumba vitatu vya chini vikijumlishwa. Mama mmoja aliyekuwa ameishi pale miaka 11, na ambaye sote tulimwita shosho ingawa hakuwa mzee kiasi hicho, aliuliza swali moja tu: "Na walipokuwa wakiulizana, sisi tulikuwa wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mwezi uliofuata familia mbili zilihama, na wa tatu nikawafuata. Katika wote tuliokaa ngazini usiku ule, hakuna aliyeandika barua hata moja.

* * *

Nimeanza na busta kwa sababu ndiyo mtoto mdogo kabisa wa ukoo tunaouzungumzia katika kitabu hiki. Baba yake ni kituo cha data: jumba lisilo na madirisha, limejaa seva kwenye kabati za chuma, zinafanya kazi usiku na mchana, zinatoa joto kama jiko la mkaa, na kwa sababu hiyo zinahitaji kupozwa bila kukoma. Picha unayomtumia dada yako, salio lako la benki, video aliyoangalia mtoto akalala nayo, vyote vinalala humo. Watu huita huko "kwenye wingu", na neno hilo limewafaa sana wenye majumba hayo. Wingu halina ukuta, halina jenereta, halina jirani.

Kumbe majirani lilikuwa nao, na katika nchi nyingi wakaanza kusema. Zeewolde ni mji mdogo wa wakulima nchini Uholanzi, wenye watu kama 22,000. Kampuni ya Meta, yenye Facebook, ilitaka hekta 166 za mashamba ya hapo kwa ajili ya kituo kikubwa. Baraza la mji likakubali mwezi wa Desemba 2021. Machi 2022 ukafika uchaguzi wa mitaa, chama kilichoupinga mradi kikaongoza, na kufikia Julai Meta ilikuwa imejiondoa. Huko Cerrillos, kitongoji cha jiji la Santiago nchini Chile, wakaazi waliisoma ripoti ya mazingira ya mradi wa Google wakakuta humo hesabu ya lita 169 za maji kwa sekunde, katika nchi iliyokuwa na ukame wa miaka mingi. Waliandamana, wakapiga kura yao ya mtaa, wakaenda mahakamani. Februari 2024 mahakama ya mazingira ikaagiza kibali kiangaliwe upya, na kabla ya mwaka kwisha Google yenyewe ikasema itaanza mipango upya kwa kupoza mitambo kwa hewa. Ireland nayo, vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wa nchi mwaka 2015. Mwaka 2023 vilifika asilimia 21.

Ukizisoma habari hizi ukiwa Donholm au Kayole unajiuliza, kwani sisi hatuna hayo majumba? Tunayo, na yako karibu kuliko unavyodhani.

Panda juu ya ghorofa lolote la Pipeline jioni, ukiweza kupenya kwenye kamba za nguo, utazame upande wa kusini na magharibi. Utaona mabati ya Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, kisha mapaa marefu ya magodauni ya Eneo la Viwanda, kisha taa za magari ya Mombasa Road. Kwenye ukanda huo ndiko vituo vikubwa vya data vya nchi hii vilikojibanza. Mmoja wa wazee wao, East Africa Data Centre, kilifunguliwa mwaka 2013. Mwaka 2024 iXAfrica ikawasha awamu ya kwanza ya jumba lake la megawati 4.5, katika uwanja uliopangiwa kufika 22.5.

Megawati ni neno la wakubwa, kwa hiyo tulilete chumbani. Chumba cha Pipeline chenye balbu mbili, televisheni na simu mbili zinazochajiwa hula kama wati 100 vyote vikiwaka. Megawati 4.5 ni vyumba 45,000 vya namna hiyo, vikiwaka kwa pamoja, bila tokeni kwisha, mwaka mzima.

Na tofauti ya kuwaka huko tuliiona kwa macho. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, saa 4 kasoro, stima ilipotea karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa JKIA wenyewe uliingia gizani. Mimi nilikuwa juu ya paa, si kwa ushujaa wowote. Eastlands yote ilizimika kama mtu aliyefumba jicho. Halafu, moja baada ya jingine, kwenye ule ukanda wa magodauni, yakaanza kuibuka madirisha ya mwanga. Fundi wa stima wa ghorofa ya pili aliyekuwa kando yangu alinyoosha kidole: hiki ni kiwanda cha chuma, ile ni hospitali, lile... akasita. "Lile hata sijui ni la nini. Halina alama. Lakini halijawahi kuzima."

* * *

Sijasikia mtu wa Mukuru, wa Pipeline wala wa Imara Daima aliyewahi kuandamana kwa sababu ya jumba lisilozima. Wapo watakaosema ni kwa sababu majumba haya hayaudhi. Kweli, hayatoi moshi kama kiwanda cha betri, na Nairobi, ikiwa mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, ina usiku wa baridi unaosaidia kupoza mitambo bila kumwaga maji mengi. Wengine watasema watu wetu hawajui ni nini kiko ndani. Hilo nalo ni kweli, ingawa anayelisema kwa dharau angetembelea Mukuru aone ni vijana wangapi wanaolijua jumba hilo kutoka upande wa pili. Eastlands ndiyo iliyopeleka watu kwenye ofisi za Nairobi ambako picha na maneno machafu ya dunia yalichambuliwa ili mashine zijifunze. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba waliosafisha maandishi ya kufundishia ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwaka huohuo wachambuzi wa maudhui 184 waliishtaki Meta na kampuni zilizowaajiri katika mahakama ya kazi ya Nairobi. Kwa hiyo tusidanganyane, ujinga si jibu.

Jibu langu mimi liko pale ngazini Umoja. Jijini Nairobi kaya kama 9 katika kila 10 zimepanga. Mpangaji ana silaha moja, nayo ni mkokoteni. Zikimkera kelele, anahama. Kikimkera choo, anahama. Akilemewa na kodi, anahama usiku. Hasira ambayo kijijini ingekaa, ikaiva, ikafika kwa chifu na kisha kwa wakili, huku hupakiwa na godoro na mitungi ikaishia Utawala. Kupinga kunataka kitu kisichohamishika: kaburi la babu, kisima, malisho, mwembe uliopandwa siku mtoto alipozaliwa. Wakulima wa Zeewolde walikuwa na udongo. Sisi tuna risiti ya kodi ya mwezi huu.

Wala hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mpango mkuu wa mwaka 1948, ule ulioiita Nairobi mji mkuu wa kikoloni bila kuona haya, uliweka viwanda upande huu na makao ya vibarua Waafrika kando yake, kusudi mtu aende kazini kwa miguu. Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Bahati, zote zilijengwa kwa hesabu ya mfanyakazi atakayekuja, atumike, kisha arudi kwao. Uhuru ulikuja, Buruburu ikajengwa, Umoja na Dandora zikafuata, maghorofa ya watu binafsi yakazimeza zote, lakini dhana ya kwamba mkaazi wa Eastlands ni mtu anayepita haikuwahi kufutwa kwenye ramani.

Matokeo yake tumeyazika. Septemba 12, 2011, bomba la mafuta lilivuja Sinai, Lunga Lunga, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka mtaa wa Mradi, Embakasi, kwenye kituo kilichokuwa katikati ya nyumba za watu. Mamia walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati, EPRA, ikatoa taarifa kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo ilikuwa imeyakataa mara tatu katika mwaka 2023. Halafu ikajulikana kwamba NEMA, ambayo kazi yake ni mazingira, ilikuwa imetoa leseni, na maafisa wake wanne wakasimamishwa kazi. Mitungi ilikuwa ikijazwa pale watu wakiona. Niliwahi kumuuliza kinyozi mmoja wa maeneo hayo kama kuna aliyelalamika kabla. Aliendelea kunyoa. "Walilalamika," akasema. "Walisikia harufu, wakahama."

* * *

Sasa twende kule ambako mtu hawezi kuhama, au anahamishwa.

Mei 22, 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Marekani, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza kwamba zitaweka dola bilioni 1 katika kituo cha data cha Olkaria, karibu na Naivasha, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini. Awamu ya kwanza megawati 100, na ndoto ya kufika 1,000. Rudi kwenye chumba chetu cha Pipeline: megawati 1,000 ni vyumba milioni 10. Au ukipenda hesabu ya nchi, mwanzoni mwa mwaka 2025 saa ile Wakenya wote wanapowasha kila kitu ilifika megawati 2,300 na kidogo. Yaani mteja mmoja angekaa mezani na kuomba zaidi ya thuluthi ya sufuria.

Katika magazeti Olkaria ilielezwa kama mahali patupu, mvuke na mawe. Wamaasai wa huko wangeshangaa. Umeme wa kwanza wa Olkaria ulitoka mwaka 1981, na tangu hapo mabomba yamekuwa yakisogea na maboma yakisogezwa. Mwaka 2014, ili kupisha mradi wa Olkaria ya Nne, vijiji kadhaa vilihamishiwa ardhi mpya iliyopewa jina la RAPland. Jina lenyewe linachekesha kwa uchungu, kwani herufi hizo tatu ni ufupisho wa Kiingereza wa mpango wa kuwapa watu makao mapya. Watu wanaishi ndani ya kichwa cha habari cha ripoti.

Nyumba za mawe walizipata, nzuri kushinda za wengi wetu Eastlands. Malalamiko yao yalikuwa mengine: makorongo yasiyofaa mifugo, barabara mbaya, hati ya ardhi iliyochelewa, kituo cha utamaduni kilichowaingizia pesa za watalii kuachwa nyuma. Mwaka huohuo wakapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa miongoni mwa wafadhili. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilichunguza likakuta kasoro, na mojawapo ni ya lugha. Mashauriano hayakutumia Kimaasai inavyopasa, na wazee wenye sauti katika jamii walipitwa kando. Baada ya upatanishi mrefu mapatano yalifikiwa mwaka 2016.

Mtu anayewasoma Wamaasai wa Olkaria kama maadui wa maendeleo hajasoma. Hawakusema mvuke usichimbwe. Walisema kile alichosema shosho wa Umoja, tofauti ni kwamba wao walikuwa na mahali pa kusimama wakikisema. Wakati wowote kituo cha data kitakapopanda kwenye vilima vile, kitakuta watu ambao tayari wanajua anwani za benki hizo, ya Washington na ya Luxembourg.

Lamu nao walikuwa na mahali pa kusimama. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangiwa kujengwa Kwasasi, NEMA ikatoa leseni mwaka 2016, na Save Lamu pamoja na wenzao wakakata rufaa. Juni 26, 2019 mahakama maalumu ya rufaa za mazingira, National Environment Tribunal, ilifuta leseni ile, na hoja kuu katika hukumu ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi: mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kujulishana tu, ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika, hivyo watu hawakuwa na kitu cha kujadili. Nikifika hapo huwa nasimama. Kumbe kanuni zipo. Zile za mwaka 2003 zinataka mwenye mradi abandike matangazo, atangaze gazetini, atangaze redioni kwa lugha rasmi na za mahali, na afanye angalau mikutano 3 na watakaoathirika. Katiba, kifungu cha 70, inakwenda mbali zaidi. Anayedai haki ya mazingira safi mahakamani halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyeumia au kupata hasara.

Wala haiulizi hati ya ardhi. Risiti ya kodi inatosha, na hata bila risiti.

Basi kwa nini haitumiki huku kwetu? Nitakueleza nilipokutana na tangazo la mradi kwa mara ya kwanza na ya pekee katika maisha yangu ya Eastlands. Ilikuwa stendi ya Donholm, asubuhi, nimenunua mandazi mawili. Nilipomaliza la pili nikaona mafuta yamelainisha karatasi na maandishi yamejitokeza vizuri. Lilikuwa tangazo la tathmini ya mazingira kwa ajili ya bohari kando ya barabara niliyoipita kila siku. Limeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, linakaribisha maoni ya umma, na siku za kupokea maoni zilikuwa zimepita wiki mbili. Nililikunja nikaliweka mfukoni. Nguo ikafuliwa nalo.

* * *

Ningeweza kuiacha hadithi hapo, mji ukiwa mnyonge na kijiji kikiwa shujaa. Ingekuwa hadithi tamu, na ya uongo, kwa sababu kuna safari moja ambayo sisi wa Eastlands ndio tulikuwa lile jumba lisilozima.

Maji tunayoyapigania kwa mitungi, lita 20 kwa shilingi 20, na 50 ukame ukibana, mengi yanatoka bwawa la Ndakaini. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994 na kufikia muongo uliopita lilikuwa haliutoshi mji. Ukachimbwa mtaro wa chini ya ardhi wa kilomita karibu 12 huko Murang'a, unaochota kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka maji Ndakaini, mita za ujazo 140,000 kwa siku. Murang'a wakapinga. Mwaka 2017 jambo likaingia kwenye siasa za uchaguzi, kiongozi wa upinzani Raila Odinga akionya kwamba mito itakauka na eneo kugeuka jangwa, serikali ikijibu kwamba yatachotwa maji ya mafuriko pekee. Viongozi wa kaunti wakadai robo ya mapato ya maji yanayouzwa Nairobi. Mtaro ulikamilika.

Shangazi yangu anakaa huko, upande wa Kangema, kwenye mteremko wa chai na migomba. Nilipomtembelea wakati mabishano yamechacha nilikwenda na ujuaji wangu wa mjini. Nikamwambia Nairobi ina watu zaidi ya milioni 4, nikamwambia kipindupindu, nikamwambia foleni za mitungi. Alinisikiliza huku akimenya nduma kwa kisu ambacho makali yake yamebaki upana wa kidole.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikatai muoge. Lakini mtu akija kuchota kisimani kwako, hubisha hodi kwanza."

Nikamjibu kwamba kulikuwa na mikutano.

"Ilikuwa ya wakubwa na chakula cha mchana. Sisi tulipiga makofi." Akatupa nduma kwenye sufuria. "Na hilo bomba likipita hapa chini, mimi bado natumwa mtoni na ndoo?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi Umoja, nikakuta ni siku ya maji, nikajaza mitungi 4 haraka haraka kabla hayajakatwa, na sikumkumbuka hadi usiku.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kidogo kwa wenzangu wa mjini wanaochukulia wanakijiji wa Olkaria au Lamu kama masalia ya zamani. Kila swichi tunayobonyeza ina shangazi wa mtu upande wa pili. Na kituo cha data kimeongeza tu urefu wa bomba. Maji ya Murang'a yanafika Kayole. Umeme wa Olkaria utafika kwa mtu wa Frankfurt anayeomba mashine imwandikie barua ya kuomba likizo, na mtu huyo hatawahi kulisikia jina Olkaria.

* * *

Kusema kwamba wapangaji hawawezi kuulizwa ni uvivu wa wanaotakiwa kuuliza, na Mukuru imewahi kulithibitisha hilo. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji: zaidi ya ekari 600, kaya kama 100,000, karibu zote zimepanga kwenye vyumba vya mabati. Kila mtu aliyejua Nairobi alisema mashauriano hayo hayawezekani. Muungano wa Wanavijiji na wenzao wakaanza kwa kuhesabu nyumba. Kaya 10 zikafanya kikundi kimoja na mwakilishi wao. Vikundi 10 vikafanya baraza. Mabaraza yakakutana kwenye makanisa, kwenye shule, kwenye vibanda vya filamu, yakajadili mabomba ya maji yapite wapi, barabara iwe pana kiasi gani, na nani atalazimika kusogeza ukuta. Jambo la upana wa barabara peke yake lilizua ugomvi wa kutosha kitabu kizima, maana kila futi ya barabara ni futi ya chumba cha mtu.

Si hadithi yenye mwisho mtamu. Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu wakalala nje kwenye mvua. Lakini angalia walichofanya waliobomolewa. Hawakuhama. Walipiga hema juu ya vifusi vyao, palepale, wengine kwa miezi, wakidai ardhi. Wapangaji wale, ambao ramani inawaona wapita njia, walikaa kwenye tope kama Wamaasai kwenye malisho. Nadhani, na hili ni la kwangu tu, ni kwa sababu walikuwa wameshahesabiwa. Mtu aliyewahi kukaa kwenye baraza la kaya 100 akajadili mtaro utakakopita hasahau kwamba aliwahi kuulizwa.

Ningependa kuona kituo cha data kijacho cha Mombasa Road kikijadiliwa kwenye baraza la namna hiyo. Si kwamba ningetaka kikataliwe. Ningependa mama mboga wa kwa Njenga aulize jenereta litanguruma saa ngapi, lita ngapi zitachotwa kwenye kisima chao cha kuchimbwa, na kama waya nene inayopita juu ya kibanda chake kwenda kwa mteja asiyezima inaweza kuacha transfoma moja njiani. Hayo ni maswali ya mtu anayejua bei ya tokeni. Wahandisi wana majibu yake, na kuyatoa hakugharimu zaidi ya mchana mmoja na sufuria ya chai.

Mwaka jana nilipita kwenye ile ploti ya Umoja kumwona fundi fulani wa viatu. Busta bado iko, na sasa imezaa: kuna sahani mbili mpya nyeupe kwenye shingo yake. Langoni palikuwa na karatasi ndani ya nailoni, imebandikwa kwa gundi ya boksi. Ilikuwa ya kampuni nyingine, inataka kuongeza mitambo na jenereta la pili, na inakaribisha maoni ndani ya siku 14. Kwa Kiingereza. Kijana mmoja mwenye sare ya shule alikuwa amesimama mbele yake akiwasomea wanawake watatu wenye mitungi, akitafsiri sentensi kwa sentensi, akikwama kwenye neno "mitigation" na kuliruka.

Niliuliza kama shosho bado anakaa ghorofa ya tatu.

"Yuko," mmoja akasema. "Ameenda kutafuta kalamu."